Mwenyeji Hatangulii

Inverness, Cape Breton
19 Januari 2023

Kwa Lauchie, mtoto wa kaka yangu,

Huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo tangu niache kuendesha basi la shule linalalamika kuliko abiria wote niliowahi kuwabeba. Theluji imefika kwenye dirisha la jikoni. Paka wa baba yako amezaa ndani ya buti la kazi, na baba yako amekataa kumhamisha, kwa hiyo anakwenda kuchukua kuni na viatu vya kanisani. Binamu yako Shonagh amepata kazi hospitali huko Antigonish. Padri anakusalimu. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Sasa tuje kwetu wawili. Nimeona ulivyoniandikia ndani ya Mnara, mchezo wetu wa kompyuta: "Shikamoo shangazi, umemwona mzee alivyopaa?" Nimemwona. Na shikamoo yako siipokei. Nimeiweka juu ya kabati mpaka ujieleze.

Simu sikupigii, na wewe usinipigie. Desturi ya nyumba ya bibi yako unaijua: waliokosana hawapigiani simu, wanaandikiana, kwa sababu karatasi haiwezi kupaza sauti. Leo nitajaribu kuonyesha kwamba inaweza.

Wewe baada ya kumzika mama yako mwezi wa tisa ulikaa siku mbili ukarudi kambini kwako Alberta. Sikulaumu kwa usiyoyaona, nakueleza. Baba yako Murdoch, mtu aliyeendesha gari la kukwangua theluji miaka thelathini akipungia kila nyumba njiani, aliacha kutoka. Karata za tarabish za Jumanne ukumbini aliacha, na wenzake wakabaki wanne pungufu mmoja wakigombania nani acheze mikono miwili. Redio alizima. Nikimpelekea maharage ya Jumamosi nayakuta ya Jumamosi iliyopita. Nilimsemesha mpaka nikachoka. Ndipo kabla ya Krismasi nikabeba kompyuta yangu ya zamani, nikaitua juu ya meza yake, nikamwambia, "Kaa hapa. Tunaingia Mnara."

"Sina hela za michezo, Effie."

"Ni bure."

"Cha bure? Wenye nacho wanakula nini?"

"Wanauza kofia. Kaa chini."

Akakaa. Akaamkia mtaroni kama kila kurutu anavyoamkia, na shati moja na fimbo. Akatoka mtaroni, akakutana na chura wa kwanza, chura akamuua. Akaamka tena. Chura akamuua tena. Mara ya tatu kaka yangu alimtukana chura yule kwa Kigaeli, Lauchie! Kwa Kigaeli, lugha ambayo sijaisikia mdomoni mwake tangu jeneza litoke kanisani. Nilikwenda kusimama kwenye sinki nikijifanya naosha kikombe, maana nilikuwa nalia.

Miaka kumi na mmoja nawapokea makurutu katika chama chetu cha Birika, na sheria zetu si nyingi. Kurutu hapewi kitu ila dawa ya jeraha na swali moja: umekula? Na mwenyeji hatangulii. Mwenyeji anatembea nyuma. Wewe uliyeiona njia mara mia, kaa nyuma, mwache asiyeiona aione. Hivyo ndivyo nilivyokutembeza wewe ulipokuwa na miaka kumi na saba, nikakutazama ukitumbukia kwenye shimo lile lile mara nne na sikusema neno, ingawa ulimi uliniwasha.

Nikaenda kwa Shonagh siku mbili tu. Siku mbili! Narudi nakuta umemvika baba yako deraya ya dhahabu, upanga unaowaka moto na mabawa. Umetangulia mbio, umeua kila chenye pumzi kabla mzee hajanyanyua mkono, na Jumapili jioni umemsimamisha juu kabisa ya Mnara kama jogoo wa bati juu ya ghala. Wahenga walisema abebwaye hujikaza. Kaka yangu hakupata hata nafasi ya kujikaza.

Alikuwa na hasira na chura yule, Lauchie. Hasira ile ndiyo iliyokuwa inamwamsha asubuhi, na wewe umemnyang'anya. Jieleze.

Shangazi yako,
Effie


Kambini, kaskazini mwa Fort McMurray
6 Februari 2023

Shangazi Effie,

Shikamoo. Najua unaiweka kabatini, lakini mimi nimelelewa, lazima nitoe.

Baridi imefika arobaini chini ya sifuri, gari halizimwi injini mchana kutwa, maana ukilizima umelizika. Chakula cha kambi ni kizuri kwa wiki ya kwanza, halafu kila kitu kinakuwa na ladha ya trei. Jirani yangu wa chumba, Mnewfoundland mmoja anaitwa Hedley, anakoroma mpaka picha yangu ya ukutani inahama. Mwambie Shonagh hongera.

Ama kuhusu hilo jingine, shangazi, jamani! Niseme ukweli, barua yako imenikera. Ile deraya niliitafuta miaka mitatu. Upanga ule kuna watu katika Birika wamenibembeleza niwaazime kwa siku moja nikakataa. Nimempa baba yangu mzazi vitu vyangu bora kuliko vyote, bila kuombwa, halafu naandikiwa kurasa nne kama mwizi wa kuku! Wengine wanawapa wazazi wao nini? Wanatuma kadi.

Na tuambizane, mwanzo wa Mnara unachosha. Wewe mwenyewe unajua. Mtaro, vyura, daraja, bwawa, vyura tena. Wote tunasema mchezo unaanza ukishafika juu. Mzee ana miaka sabini na mmoja, hana muda wa kugombana na vyura. Nilitaka aone kilele, aone yale mawingu mekundu. Aliyaona. Alisema, "Asante, Lauchie, ni pazuri." Hayo ndiyo maneno yake. Mtu anayesema asante amekosewa wapi?

Wewe na sheria zako za basi la shule. Si kila mtu ni mtoto wa darasa la kwanza.

Nisalimie baba. Mwambie nikipata nafasi nitaingia tumalizie vyumba vya chini.

Mtoto wenu,
Lauchie


Inverness
20 Februari 2023

Lauchie,

Nimepata barua yako. Tumekatikiwa umeme siku mbili kwa dhoruba, nikapikia juu ya jiko la kuni, tuko hai. Watoto wa paka wamefumbua macho. Kabati langu sasa lina shikamoo mbili.

Kadi! Unajilinganisha na wanaotuma kadi! Haya, nisikilize, maana sasa nimekasirika kweli, mara ya kwanza nilikuwa najipasha moto tu.

Baada ya kusoma barua yako nilivaa makoti mawili nikaenda kwa baba yako. Nimekuta kompyuta imefunikwa taulo la vyombo kama tundu la ndege usiku. Namuuliza, "Murdoch, mbona huingii?" Anasema, "Nimemaliza." Namwambia hakuna anayemaliza Mnara, watu wako humo tangu watoto wao hawajazaliwa. Anasema, "Nimeuona mwisho, Effie. Ni pazuri. Lauchie alikuwa mbele, sikuwa namwona vizuri, naona moshi tu."

Moshi tu! Hivi hayo unayasoma na bado umekaa kwenye kiti?

Nikachemsha chai, nikatoa biskuti za shayiri, nikakaa kimya, na unajua kukaa kimya kwangu ni kazi. Akakunja taulo, akakunjua. Akasema, "Nilikuwa namsimulia habari za mama yake. Ile asubuhi. Nadhani hakusikia, kulikuwa na kelele nyingi za mapanga."

Kulikuwa na kelele. Mimi nimecheza mchezo huo miaka kumi na mmoja, Lauchie, na hedfoni zako nilikununulia mimi. Najua kelele za mapanga zinapunguzwa wapi, wewe ndiye uliyenifundisha. Mimi nilikuwa naendesha watoto arobaini na wanane wakiimba, na nikimsikia yule wa kiti cha nyuma anayelia chini chini. Usiniambie mtu hasikii.

Kaka yangu tangu mazishi hajamwambia mtu yeyote habari za asubuhi ile. Si mimi, si padri. Alichagua kukuambia wewe, mle ndani, mikono ikiwa na kazi na macho yakitazama kwingine, kama wanaume wa ukoo huu wanavyoweza. Na wewe ukakaza mbio. Sasa nakuuliza swali moja, na nataka jibu la swali hilo hilo, si la Hedley na mikoromo yake: ulisikia au hukusikia?

Tarehe kumi na saba Machi msimu mpya unafunguliwa. Wote tunarudi mtaroni na fimbo, tajiri na kapuku, dhahabu yako inabaki huko nyuma na haisaidii mtu. Ingia uanze naye. Ingia utembee nyuma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Effie


Kambini
2 Aprili 2023

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Wameongeza zamu, halafu mashine za kufulia karibu zote zikaharibika, watu mia mbili tukapanga foleni kwenye mbili zilizobaki. Theluji imeanza kuwa tope. Hedley amehamishwa jengo jingine, sasa nashindwa kulala kwa ukimya.

Nimemnunulia baba soksi za sufu, zile nene, nimezituma jana. Zitafika. Saizi ni yake.

Msimu huu sidhani kama nitacheza. Zamu ni za asubuhi na huku tuko nyuma yenu saa tatu, mpaka nitoke kazini nyinyi mmeshalala. Na sioni kwa nini kila kitu katika familia hii lazima kigeuzwe kesi. Mtu akifanya wema kesi, asipofanya kesi. Mchezo ni mchezo tu.

Kelele zilikuwa nyingi.

Baba anaendeleaje?

Lauchie


Inverness
15 Aprili 2023

Lauchie,

Soksi zimefika. Nimempa. Amezivaa. Soksi hazisikilizi mtu, lakini zina joto.

"Mchezo ni mchezo tu." Sentensi hiyo niliisoma nikaenda kuosha sakafu iliyokuwa safi. Shikamoo ya tatu imepanda kabatini na kabati limejaa, akinifungulia mtu mlango zitanidondokea kichwani.

Sasa habari za baba yako, kwa kuwa umekumbuka kuuliza mwishoni, baada ya mashine za kufulia.

Tarehe kumi na saba asubuhi nilikwenda kwake na hotuba yangu yote tayari. Nikamkuta amekaa mezani, taulo liko begani, miwani puani. Ameingia mwenyewe. Sikuamini. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema, "Ulisema leo kila mtu ana fimbo." Basi.

Nikachungulia kioo nikapiga kelele. Unajua msimu una milango miwili. Mlango wa wengi, ukifa unaamka. Mlango wa roho moja, ukifa umekufa, mtu wako anafutwa, unarudi mtaroni kwa jina jipya. Hata katika Birika wanaothubutu hawazidi sita. Na baba yako, kurutu asiyejua kumkwepa chura, amepita mlango wa roho moja!

"Murdoch, umekosea mlango!"

"Wameandika roho moja," akasema. "Nikaona ndiyo sawa. Kwani watu wengine wana ngapi?"

Nikaenda kuweka chai.

Unapaswa kumwona anavyocheza, Lauchie. Anacheza kama alivyokuwa anakwangua barabara. Anaanzia ukingoni, anakwenda mpaka mwisho, anageuza, anarudi. Haachi kona. Haachi panya. Makurutu waliomkuta mtaroni wanamfuata, kwa sababu njia aliyopita Murdoch haina kitu cha kukuuma. Kila mmoja anamuuliza, "Umekula?" Kuna binti mmoja wa Oklahoma alimjibu kwamba hajala tangu jana, akamwamuru aondoke kwenye kompyuta aende akakaange yai. Binti akaenda! Akarudi, akaripoti yai. Mimi natembea nyuma na nasema uongo kwamba goti linauma ndiyo maana natoa machozi.

Usifurahi, sijamaliza.

Wiki mbili sasa amefika darajani, lile la kuingilia bwawa la Chura Mkuu. Na hapo amesimama. Havuki. Makurutu wote aliowatembeza wamevuka, wako levo za juu huko, wanampungia. Nikamwambia, "Murdoch, vuka, levo yako inatosha." Akasema, "Namsubiri Lauchie."

Nikamwambia umesema huchezi msimu huu. Akasema, "Yuko zamu. Zamu zinaisha."

Kila siku, kama wakati ule alipokuwa anakwenda kukagua barabara, mzee wa miaka sabini na mmoja anakaa jikoni kwake na soksi zako miguuni, anafungua kompyuta na kusimama juu ya daraja la picha, akimsubiri mwanawe mzima mwenye akili timamu na intaneti ya kambi. Wapita njia wanamuuliza, babu umekwama? Anasema hapana. Mwezi wa sita msimu unafungwa na daraja lile linafutwa na yeye juu yake. Na mimi nikimtazama natamani nipande ndege nije nikuvute sikio mbele ya watu wa kambi wote.

Hujanijibu swali langu. Sitaliuliza tena. Mjibu yeye.

Effie


Kambini
8 Mei 2023

Shikamoo shangazi,

Usisome hii umesimama.

Sina habari za chakula wala za mashine. Nilisikia. Maneno ya mwanzo niliyasikia yote, nikaongeza mbio nisisikie yaliyobaki. Mwezi wa nane walinipigia kwamba mama anadhoofika, nikasema nimalizie zamu moja halafu nije, na baada ya hapo unajua. Baba alipoanza kusema "ile asubuhi", nilijua mwisho wake ni wapi. Nilijua ataniuliza kwa nini sikuja. Basi nikawa naua kila kitu kilichokuwa mbele yangu. Nilimvika dhahabu ili anyamaze, shangazi. Na alinyamaza.

Barua yako nimekaa nayo mfukoni mwa ovaroli mpaka ikapata mafuta. Jumapili nilikuwa mapumziko. Nikapita mlango wa roho moja. Nilikufa mara mbili kabla ya kufika darajani, mimi, mtu wa miaka kumi ndani ya Mnara, kwa panya na kwa chura mdogo wa kawaida! 

Mara ya tatu nikafika. Alikuwa amesimama pale pale, na kofia ya pamba ya kurutu. Jina langu jipya hakulijua.

"Umekula?" akaniuliza.

"Nimekula, baba."

Nikasikia paka, na kiti kikivutwa.

"Umechelewa kutoka zamu," akasema.

"Nimechelewa."

"Haya. Tangulia basi, wewe ndiye mwenyeji."

Nikamwambia, "Mwenyeji hatangulii."

Akacheka kidogo kwa puani, unajua anavyocheka, akasema, "Effie huyo." Akavuka daraja. Nikamfuata.

Shangazi, anatembea polepole! Nilikuwa sijui. Pale bwawani mimi huwa napita kwa pumzi moja. Yeye alikwangua ukingo mzima wa kushoto, akageuza, akarudi na wa kulia. Na katikati ya majani akaanza tena, pale pale alipoishia Januari, kama mtu aliyeweka kidole kwenye ukurasa.

Alisema, "Asubuhi ile nilishika simu nikupigie. Mama yako akanishika mkono. Akasema, 'Murdoch, mwache mtoto amalize zamu. Ukimwita sasa atatoka mbio kwa magari na ndege hajalala. Mwache amalize.' Nikaweka simu chini. Baada ya saa mbili ikawa basi. Mimi ndiye niliyekuwa na simu mkononi, Lauchie. Si kwamba hukuja. Mimi sikukuita. Tangu wakati ule natafuta pa kukuambia hilo, nikakuomba radhi."

Kumbe yeye ndiye aliyetaka kuomba radhi! Miezi minane mimi namkimbia mtu anayenikimbilia kuniomba msamaha.

Alikuwa amesimama kusema, hakuwa akitembea. Na pale bwawani hapasimamwi, mimi najua, ningepaswa kumwambia. Chura Mkuu akatoka majini nyuma yake. Nilikuwa nyuma ya baba kama sheria inavyosema, na levo ya kutosha kumzuia chura yule pigo moja. Lakini mikono yangu haikuwa kwenye kompyuta, ilikuwa usoni. Nilipoishusha, mtu wake alikuwa amelala majini na maandishi mekundu juu yake. Roho moja, imekwenda.

Nikamwita, "Baba!"

Akamtukana chura kwa Kigaeli. Tusi refu, la ukoo mzima, nusu sikulielewa. Halafu akacheka, si kwa puani safari hii. Akasema, "Wewe mzima bado. Vuka, mwanangu. Vuka uniambie ng'ambo kuna nini."

Ng'ambo nilikuwa naiona. Ilikuwa hatua kumi, na chura alikuwa ananitazama mdomo umejaa.

Shangazi, usinigombeze. Nilivua deraya niliyoiokota njiani, nikaiacha juu ya jiwe, nikarudi majini na shati.

Tulikutana mtaroni, kila mmoja na fimbo yake. Alikuwa amefika kabla yangu. Akaniuliza, "Umekula?"

Mapumziko yangu yanaanza tarehe tatu Juni. Nimekata tiketi ya ndege.

Lauchie


Inverness
24 Mei 2023

Lauchie, Lauchie, Lauchie,

Nisiposema nitapasuka. Kumi na mmoja! Miaka kumi na mmoja ya Birika, makurutu mia na ushee, na hakuna, hakuna, aliyewahi kuingia kwenye bwawa la Chura Mkuu na shati kwa hiari yake! Binti wa Oklahoma alikuwa ng'ambo ameona kila kitu. Ameniandikia, "Bibi Effie, mjukuu wako ni mgonjwa?" Nimemjibu si mjukuu, ni mtoto wa kaka, na ugonjwa wenyewe ni wa ukoo.

Na wewe uliyemwacha kurutu asimame bwawani! Kutembea nyuma si kufumba macho! Nilikufundisha nini?

Tangu siku hiyo mmekufa tena mara ngapi, nyie watu wawili? Kila nikiingia nawakuta mtaroni. Nilisema niwasindikize, baba yako akaniambia, "Tupishe, Effie, tunazungumza." Mimi! Katika mtaro niliowaonyesha mimi! Nilifunga kompyuta nikaenda kupalilia karoti ambazo hazijaota.

Jumanne iliyopita nilikuwa ukumbini nagawa karata. Mlango ukafunguliwa. Kaka yangu, amenyoa, yuko na mabuti ya kazi, kwa hiyo paka amehamishwa. Akavuta kiti chake, kile kile ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia tangu mwezi wa tisa. Wote tukawa tunatazama karata zetu kama zimeandikwa Kichina. Akaokota zake, akazipanga, akasema kwa watu wote, bila kuulizwa:

"Mwanangu kajitosa bwawani kunifuata."

Hakuna aliyeelewa, ila mimi. Wengine walidhani umepata ajali huko mafutani, padri akaanza kufanya ishara ya msalaba. Ilibidi nieleze Mnara kwa wazee kumi na wanne, na fimbo, na vyura, na roho moja. Hata hivyo baba yako akaendelea kucheza karata yake akitabasamu, na katikati ya mchezo akasema Peigi hangeliacha turufu ile ipite. Akalitaja jina la mama yako. Mezani, mbele za watu, kama mtu aliyetoka kidogo kwenda kuchukua kuni nje.

Bado nina hasira na wewe. Nitakuwa nayo mpaka Juni, maana nimeizoea. Ukifika usianzie kwangu, anzia kwake, na usiende kwa ule mwendo wako wa mbio. Barabara ya kwake ina mashimo baada ya theluji. Yeye atakuwa amesimama kwenye sanduku la barua tangu alfajiri, nimeshamwambia ndege inatua jioni, hasikii.

Leo nimepanda kiti, pamoja na goti langu, nikalifungua lile kabati. Marahaba ya Januari. Marahaba ya Februari. Marahaba ya Aprili, hata ile yenye soksi. Na hii ya mwisho, marahaba, mwanangu, marahaba sana.

Barua hii usiijibu. Piga simu.

Shangazi yako,
Effie